Uso wa Kushukia

Simu ilipolia kwa mara ya kwanza, Bi Rangi alikuwa amepiga magoti karakanani kwake, mbele ya bango la duka la mikate, akiushusha mkia wa herufi ya mwisho. Mchora mabango hapokei simu katikati ya herufi. Aliiacha ilie mpaka ikanyamaza, ikaanza upya, na ni pale tu mkia ulipokaa sawa ndipo alipofuta vidole kwa kitambaa chenye tapentaini na kuipokea.

Aliyepiga ni mwenyekiti wa kikundi chao, mfamasia mnene, mpenda mzaha, ambaye mtaa mzima ulimwita Daktari. Naye alikuwa ameshachoka kuwakosoa.

“Yaani wewe kukupata ni sawa na kumpata waziri.”

“Nilikuwa na herufi mkononi, Daktari. Mmeshafika chini? Maji ya chai yako jikoni.”

“Chai yako itapoa, dada yangu. Barabara ya bondeni imejaa maji, dereva amekataa katakata kuvuka. Tumezunguka, ametushusha huku juu. Matembezi ya mwaka huu tutayafanya kwa kushuka. Magoti ya wazee yameshangilia.”

Brashi iliyokuwa mkononi mwa Bi Rangi ilitua juu ya bango, katikati ya herufi mbichi, naye hakuiona.

Ili hofu iliyomshika ieleweke, yafaa kwanza ifahamike kazi ya kikundi chenyewe. Njia ya Matarishi ilikatwa mlimani enzi ambazo barua zilivuka mlima kwa miguu ya watu, kabla ya barabara ya magari kuja na kuifanya isahaulike. Kikundi kile cha watu wa kawaida, mfamasia, fundi mawe, mchora mabango, walimu wachache na wastaafu wasiopenda kukaa bure, kilikuwa kimejitwika kuifyeka, kuzibua mifereji yake, kurudishia ngazi zake zilizong’oka, na kuitia alama ili anayeipita asipotee. Alama ni ukanda wa njano uliopakwa kwenye mawe yaleyale yaliyosimamishwa na matarishi. Na kwa kuwa njia hupitwa kwa kwenda na kwa kurudi, kila jiwe lilikuwa na nyuso mbili: uso wa kupandia, unaoonwa na anayetoka bondeni, na uso wa kushukia, unaoonwa na anayetoka juu. Ukibadilisha njia, sharti ubadilishe nyuso zote mbili. Mwanakikundi yeyote angekuambia hilo hata umwamshe usingizini.

Katika mvua za msimu huo, kipande cha njia kinachopita ukingoni mwa genge kilikuwa kimeporomoka. Ubaya ni kwamba hakikuporomoka waziwazi. Maji yaliuchukua udongo wa chini, majani ya juu yakabaki yameshikana kwa mizizi, mfano wa jamvi lililotandikwa juu ya shimo. Kikundi kikachonga mchepuko wa kulizunguka genge kwa nyuma. Kikaweka vizuizi vya miti huku na huku. Vizuizi vikaishia kuwa kuni katika jiko la mtu asiyejulikana. Ndipo ilipoamuliwa kutegemea rangi, kwa maana rangi haipikiwi. Bi Rangi alipanda na makopo yake, la kijivu kwa kufutia alama za zamani, la njano kwa kuonyesha mchepuko. Alizikamilisha nyuso zote za kupandia. Alipogeuka ili aanze za kushukia, mvua ikamwagika, na rangi haishiki kwenye jiwe lililolowa. Akashuka. Mkutanoni alisema kazi iko tayari kwa matembezi, kwa sababu matembezi yalipangwa kuwa ya kupanda. Za kushukia angezimalizia jua litakapotoka, na baada ya bango la mikate.

“Msishuke,” alisema sasa.

“Unasemaje? Mtandao unakatika.”

“Nasema msiondoke hapo mlipo, Daktari. Mtu yeyote asishuke. Uso wa kushukia sijaugusa. Alama za juu bado zinawapeleka gengeni.”

Upande wa pili mzaha ulikatika kama uzi. Zilisikika sauti za watu wakicheka mbali kidogo, mtu akilalamikia kamba za viatu.

“Ulisema tayari,” alisema Daktari taratibu.

“Nilisema tayari kwa kupandia.”

“Sawa. Sawa. Tupo wote hapa, hakuna atakayenyanyua mguu.” Akasikika akihesabu watu. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imepungua ukubwa. “Isipokuwa mzee.”

“Mzee yupi?”

“Mzee wako. Ametangulia. Unamjua alivyo, hapendi kungojwa. Alisema, mimi mwendo wangu ni wa kinyonga, mtanikuta njiani. Akaniuliza mchepuko uko wapi. Nikamwambia, wewe fuata tu alama za binti yako.”

Bi Rangi hakukumbuka kuikata simu. Alikumbuka kwamba baba yake hakutembea na simu. Alikuwa nayo, lakini siku zote aliiacha kwenye droo ya cherehani, akisema kwamba kitu kinacholia kisipopokewa humharibia mtu adabu.

Uwanja wa fundi mawe ulipakana na karakana yake. Jitu lile la miraba minne, lililokuwa likichonga kizingiti, liliinua macho likamwona jirani yake mlangoni, ana aproni yenye madoa ya rangi zote, uso hauna rangi hata moja.

“Dada, kuna msiba?”

“Bado. Baba yuko juu, anashukia njia ya zamani. Twende.”

Fundi mawe hakuuliza la pili. Aliiweka nyundo chini, akachukua kamba iliyotundikwa mlangoni, wakaondoka.

Kutoka karakanani hadi mwanzo wa njia hapakuwa mbali, na kutoka hapo hadi gengeni palikuwa karibu zaidi kwa anayetoka chini kuliko kwa anayetoka juu. Hilo ndilo tumaini pekee alilokuwa nalo, akalishika kama mtu anavyoshika reli ya ngazi gizani. Mvua ilikuwa imekoma, lakini mlima ulikuwa umejifunika ukungu mzito uliozimeza ngazi kabla mguu haujazifikia. Waliuona ukanda wa njano pale tu walipoukaribia: jiwe, kisha weupe mtupu, kisha jiwe jingine. Kila ukanda ulikuwa umenyooka, kingo zake safi, kazi ya mtu asiyeharakisha. Aliichukia kazi ile.

“Anatembea polepole,” alisema fundi mawe nyuma yake, akihema. “Mzee yule akienda dukani kununua kiberiti, nyumbani mnakula kiporo.”

“Usinichekeshe, kaka.”

“Sikuchekeshi. Nakuhesabia mwendo wake.”

Lilikuwa kweli. Baba yake alikuwa fundi cherehani aliyestaafu, na hakuna alichopita bila kukikagua. Alisimama mbele ya madirisha ya maduka akizisoma nguo za watu wengine na kuzisikitikia. Aligeuza pindo la shati la mgeni kabla hajamwambia karibu. Bi Rangi alijaribu kumwona hivyo, anakagua, anachelewa, anasikitika. Badala yake alimwona anatembea, macho kwenye ukanda wa njano, ameridhika. Binti yangu ndiye aliyeupaka.

Walifika njia panda ya chini. Hapo mchepuko ulikata kushoto na kupanda kwa nyuma ya genge. Njia ya zamani iliendelea mbele kidogo tu, hadi mahali ilipovunjika. Bi Rangi aliyapita mawe yaliyofutwa kwa kijivu, akaenda moja kwa moja mpaka ukingoni. Mbele ya vidole vya viatu vyake palikuwa na udongo mwekundu uliochanika, kisha ukungu. Chini kabisa maji ya korongo yalinguruma. Ng’ambo, juu zaidi, hapakuonekana kitu.

Ndipo walipoisikia. Tok. Kimya. Tok. Ncha ya bakora juu ya jiwe, ng’ambo ya pengo, inashuka.

“Baba,” aliita kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Bakora ilinyamaza. Kisha sauti ikapenya ukungu, changamfu, bila wasiwasi wowote:

“Nakuja.”

Cherehani, miaka yote ile ya kuinamia ngurumo yake, ilikuwa imeyala masikio ya baba yake. Sauti aliisikia; maneno hayakumfikia. Nyumbani walikuwa wakimtania kwa hilo. Umwambie nini kutoka chumba kingine, kwamba chakula tayari, kwamba mgeni kaja, kwamba paa linavuja, jibu lake ni lilelile: nakuja. Na huja kweli, tena kwa kuifuata sauti, mpaka asimame mbele yako na kuuliza umesemaje.

Tok. Tok. Sasa iliharakisha kidogo.

Fundi mawe alikuwa amejaza kifua chake hewa ili apige ukelele wa kumzuia. Bi Rangi alimrukia akamziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Walitazamana hivyo, mwanamke mwembamba amening’inia kwenye uso wa jitu.

“Ukiita, atakuja,” alimnong’oneza. “Hasikii maneno. Atakuja tu.”

Macho ya fundi yalipanuka. Akatikisa kichwa kukubali, Bi Rangi akamwachia.

“Kaa hapa,” alisema Bi Rangi. “Usiseme neno. Hata kikohozi kimeze. Nazunguka.”

Aliipanda njia ya mchepuko akikimbia kwa mikono na miguu. Udongo wake ulikuwa mpya, haujashikana bado, na ulimrudisha nyuma kila alipoukanyaga. Alikamata mizizi, mizizi mingine ilikuja naye. Aproni ilinasa, akaing’oa. Jambo gumu kuliko yote halikuwa kupanda. Jambo gumu lilikuwa kunyamaza. Jina la kuita lilikuwa kinywani, limejaa, likisukuma meno. Na kulitamka ilikuwa sawa na kumsukuma baba yake kwa mkono. Alikaza taya mpaka masikio yakamuuma.

Katikati ya mchepuko alisikia kitu kinaanguka. Kilikuwa kidogo. Kokoto, kisha mvurumisho wa kokoto, kisha mnong’ono mrefu wa udongo unaoteremka gengeni, halafu maji yakaendelea na kelele zao kana kwamba hayakupokea chochote. Alisimama. Alingoja bakora igonge. Haikugonga. Mlima mzima ulikuwa umenyamaza isipokuwa maji na moyo wake mwenyewe. Akaendelea, kwa sababu kusimama kungekuwa ni kukubali.

Alitokea njia panda ya juu akiwa amepakaa matope hadi nywele. Jiwe la pale lilisimama mbele yake, na juu ya uso wake wa kushukia ulikuwepo ukanda wa njano, umeoshwa na mvua, unang’aa kupita siku aliyoupaka. Ulimwonyesha msafiri njia ya kulia, ya zamani, kwa heshima na uhakika. Pembeni yake mlango wa mchepuko ulionekana kama upenyo tu wa mbuzi. Nani angeufuata? Yeye mwenyewe asingeufuata. Kwenye tope la njia ya kulia palikuwa na vitundu vidogo vya mviringo vya ncha ya bakora, na kando yake nyayo za viatu alivyompelekea mwenyewe kwa fundi kubadilishwa soli.

Aliteremka akizifuata. Sasa alikuwa nyuma ya baba yake, na sauti yake, kama angeita, ingemvuta kurudi. Hivyo ndivyo akili ilivyomwambia. Lakini ukungu huzungusha sauti, na genge huirudisha. Je, kama ingemfikia kutoka mbele? Hakuthubutu. Alishuka kwa ncha za viatu, akihofia hata kuteleza kwake kusisikike vibaya. Jiwe la kwanza: nyayo zilikuwa zimelizunguka, mbele na nyuma, kisha zikaendelea. Jiwe la pili: vivyo hivyo, zimelizunguka, zimeendelea. Hakuelewa. Jiwe lililofuata lilikuwa la mwisho kabla ya jamvi lile la majani.

Baba yake alikuwa hapo.

Alikuwa amelipita jiwe. Alisimama hatua moja mbele yake, koti lake jeusi la siku za shughuli limefungwa vifungo vyote, bakora imenyooshwa mbele, ncha yake ikiyabonyeza majani kama mtu anayepima unene wa godoro. Majani yalibonyea, yakarudi. Kando yake kipande cha ukingo kilikuwa kimemeguka upya. Mguu mmoja wa mzee ulikuwa umenyanyuka kisigino.

Bi Rangi alizimaliza hatua zilizobaki bila kujua amezimalizaje. Alilikamata pindo la koti kwa mikono miwili, akakaa chini kwa uzito wake wote, wakaanguka pamoja, mzee juu ya binti, kwenye tope.

“Taratibu,” alisema mzee, akiwa bado amegeukia mawingu. “Utafumua mshono.”

Alimburuta nyuma ya jiwe kabla hajamjibu. Mzee alijiinua akaegemea jiwe, akamtazama vizuri, na uchangamfu ukamtoka usoni kidogo kidogo.

“Ulikuwa mbele,” alisema. “Umeniita ukiwa mbele. Umefikaje nyuma?”

Alimsogelea sikioni. “Mbele hakuna njia, baba. Imeanguka. Hayo ni majani matupu.”

Mzee aligeuka akayatazama majani. Aliokota jiwe la ukubwa wa ngumi, akalirusha katikati yake bila nguvu. Majani yalilipokea, yakalishika kidogo, kisha yakafunguka kwa utulivu na kulimeza, na katika upenyo ule ukungu ukapanda kutoka chini.

Alivuta miguu yake akaikunja.

“Nilishuku,” alisema hatimaye. “Nimekuwa nikiyageuza mawe yako. Kazi naitazama kwa ndani, ndio mazoea yangu. Nikaona kwa mbele umepaka njano, safi, lakini kwa nyuma umefuta kwa kijivu. Jiwe la kwanza hivyo, la pili hivyo. Nikasema, huyu hafuti kitu bila sababu. Huku ananiambia njoo, huku ananiambia usije. Hapa la mwisho nikataka kukaa nikungoje uamue.”

“Kwa nini hukukaa?”

“Uliniita.”

Hakulisema kwa kumlaumu. Alilisema kama mtu anavyotaja saa. Bi Rangi aliinamisha kichwa kwenye bega la koti.

“Kisha ukanyamaza,” aliendelea mzee. “Nikajiuliza mbona haniiti tena. Ndipo nikatanguliza bakora badala ya mguu. Lakini mguu nao ulikuwa njiani, sikufichi.”

Daktari aliwakuta njia panda ya juu, anahema kama mvukuto, uso umelowa. Wengine alikuwa amewaacha walipo, chini ya amri kali. Alimtazama mzee kuanzia kichwani hadi miguuni, kana kwamba anahakiki dawa kabla ya kuitoa dirishani, kisha akakaa kwenye tope bila kujali suruali.

“Mimi ndiye niliyemwambia afuate alama,” alisema.

“Alama ni zangu,” alijibu Bi Rangi. “Nilisema tayari, na haikuwa tayari.”

Hakuna aliyemkatalia, na yeye hakutaka akataliwe. Fundi mawe aliitokeza miraba yake kutoka kwenye mchepuko, midomo bado imebanwa. Daktari alipomuuliza kitu alimtazama Bi Rangi kwanza, kama anayeomba ruhusa ya kusema. Kisha akaanza kukusanya mawe na kuyapanga kukata njia ya kulia. “Haya tuone nani atayapikia,” alisema.

Lakini ukuta ungechukua muda, na ukanda wa njano ulikuwa bado unang’aa pale juu ya jiwe. Rangi isingeshika. Kuuchonga hakukuwa na ruhusa: kanuni ya kwanza ya kikundi ilikataza chuma kugusa mawe ya matarishi. Bi Rangi alivua aproni yake, akalizungushia jiwe mpaka njano ikafichika. Ikateleza. Akaifunga kwa kamba zake. Upepo ukaipeperusha pembe moja, na ukanda ukachungulia.

“Lete,” alisema mzee.

Aligeuza ukosi wa koti lake. Kwa ndani, kama kawaida, ilikuwepo sindano, na uzi umezungushwa chini yake. Aliishika juu kwenye mwanga hafifu, akakunja macho, akaghairi.

“Nitungie. Macho hayataki.”

Bi Rangi aliichukua. Mkono uliovuta mistari ya mabango ya mji mzima bila rula ulipeleka uzi kushoto kwa tundu, kisha kulia. Aliulowesha mdomoni, akaunyoosha, akajaribu tena. Ncha ikapita pembeni. Kila alipofumba jicho moja ili alenge, aliona kisigino kilichonyanyuka juu ya majani.

“Hautaki,” alisema.

“Hatuna haraka,” alijibu baba yake, ameishikilia aproni juu ya jiwe kwa viganja vyote viwili. “Mimi siendi popote.”

Uzi ukapita. Mzee akashona, mishono mifupi iliyobana, akizizungusha pembe za kitambaa kwa nyuma ya jiwe mpaka zikakutana. Alipokata uzi kwa meno, Bi Rangi alikuwa tayari ameshakwenda upande wa pili. Aliinama akaitazama mishono kutoka huko, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho. Kisha akarudi mbele, akatazama tena. Hata walipoanza kuupanda mlima kuwafuata wengine, mkono wake mmoja ulibaki umeshika pindo la koti, na mzee, ambaye hakupenda kushikwa njiani, hakumwonya tena juu ya mshono wake.